Turbo Kwanza, Kamshafti Baadaye

Ukiwa na gari lenye injini ya Toyota ya JZ na turbo, itafika siku mtu gerejini atakuambia kwamba kamshafti za kiwandani ndizo zinazolibana gari lako. Huenda ni kweli. Lakini kabla hujauliza kamshafti ipi ni kubwa, uliza presha ya moshi ndani ya manifoldi ya ekzosi ni kiasi gani wakati mguu umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Ukiijua presha hiyo, uchaguzi umekwisha nusu. Usipoijua, unanunua namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Hapa nitaeleza kwa mfano wa 2JZ-GTE, injini ya lita 3 na silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Ilianza kwenye Toyota Aristo mwaka 1991, ikaingia kwenye Supra mwaka 1993. Ninazungumzia ile ya kabla ya VVT-i, mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka ulioongezwa mwaka 1997. Ndugu yake, 1JZ-GTE ya lita 2.5, ndiyo iliyokuja na Mark II na Chaser za turbo zilizoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, na injini zote mbili bado zinaingia kama mtumba, nyingine zikipitia Dubai na Sharjah. Kanuni nitakazotaja zinazihusu zote mbili. Vipimo vya injini yako vithibitishe kwenye kitabu chake, kwa maana kamshafti ya 1JZ na ya 2JZ huuzwa kila moja kwa namba yake, na kamshafti ya injini isiyo na VVT-i haifungwi kwenye yenye VVT-i.

Presha ya nyuma

Kamshafti huamua valvu ifunguke lini, ikae wazi kwa muda gani, na ishuke umbali gani. Muda huandikwa kwa digrii za krenkshafti, na mwinuko wa nundu kwa milimita. Kamshafti za kiwandani za 2JZ-GTE ya soko la Japani ni za upole: muda wake haufiki digrii 240, na mwinuko wake ni karibu milimita 8. Toyota hawakukosea. Turbo mbili ndogo za injini ile zilipangwa zipokezane kazi ili gari livute mapema, na kamshafti ya upole ndiyo inayoendana na mpango huo.

Kinachoharibu au kutengeneza injini ya turbo ni ule muda mfupi ambapo valvu ya hewa imeshaanza kufunguka na ya ekzosi haijafunga. Tuuite mwingiliano. Hesabu yake ni nyepesi. Gawa muda wa kila kamshafti kwa mbili, jumlisha, kisha toa digrii za vilele vya nundu zote mbili. Kamshafti za digrii 236 kila upande, vilele vikiwa digrii 112, zinatoa 118 na 118, yaani 236, kutoa 224: mwingiliano wa digrii 12. Ukiweka za digrii 264 kwa vilele vilevile unapata digrii 40. Za 272 zinakupa digrii 48.

Kwenye injini isiyo na turbo, mwingiliano mkubwa husaidia silinda kupumua mwendo unapokuwa juu. Kwenye turbo, mambo yanategemea upande upi una nguvu zaidi. Fikiria daladala kituoni saa ya jioni: wanaoshuka wakiwa na nguvu kuliko wanaopanda, anayepanda anarudishwa nyuma hata kama mlango uko wazi. Ndivyo ilivyo kwa silinda. Turbini ikiwa ndogo, moshi hubanwa nyuma yake, na presha ndani ya manifoldi ya ekzosi inaweza kufika mara mbili ya presha ya hewa inayoingia. Valvu zote mbili zikiwa wazi, moshi wa moto unarudi ndani ya silinda na hata ndani ya manifoldi ya hewa. Hewa safi inapungua, joto linapanda, injini inaanza kugonga. Mwenye gari ameongeza kamshafti, na nguvu zimepungua.

Turbo kubwa ya kisasa yenye turbini pana hubadilisha hesabu. Presha ya moshi hukaribia kulingana na ya hewa, na mwendo ukiwa juu inaweza hata kuwa chini yake. Hapo mwingiliano unakuwa faida, kwa sababu hewa safi inaingia kwa kishindo na kuyafukuza mabaki ya moshi. Digrii 272 zilezile zilizoua gari moja zinaliamsha jingine. Ndiyo maana nashikilia kwamba turbo ichaguliwe kwanza, kamshafti ifuate.

Kuipima presha hiyo hakuhitaji mashine ya gharama. Mwambie fundi wa kuchomelea atoboe manifoldi ya ekzosi karibu na mdomo wa turbini na kuweka nipeli ndogo. Funga bomba la chuma au la shaba lenye urefu wa kama mita moja, ulizungushe mara kadhaa ili moshi upoe njiani, kisha ulipeleke kwenye geji inayostahimili bar 4 au zaidi. Toka na msaidizi mahali salama, kanyaga gia ya tatu, na msaidizi asome geji mbili kwa wakati mmoja, ya moshi na ya hewa. Ukiona moshi bar 2 na hewa bar 1, acha kamshafti za kiwandani, fedha yako iende kwenye turbo na manifoldi. Ukiona moshi bar 1.7 kwa hewa bar 1.5, njia iko wazi.

Gari lenye turbo zake mbili za kiwandani lina tahadhari ya ziada. Zile za soko la Japani zina turbini za kauri, na kauri haipendi presha kupita kiasi wala joto. Anayetaka kubaki nazo asihangaike na kamshafti. Atafaidika zaidi na ekzosi iliyofunguliwa vizuri, intakula nzuri na mpangilio safi wa kontroli boksi.

Namba ya kununua

Kwa gari la kila siku lenye turbo moja ya wastani, kamshafti za kati ya digrii 256 na 264 zinatosha, na kwa maoni yangu wengi wanaonunua za 272 wangefurahi zaidi na 264. HKS wanazo za 264 na za 272, na kampuni nyingine hutumia madaraja yanayokaribiana. Za 272 zinafaa turbo kubwa moja, injini inayoruhusiwa kupita mizunguko 7,500 kwa dakika, na dereva asiyejali kwamba nguvu itachelewa kufika. Zaidi ya 280 ni gari la mashindano, lisilopaswa kukaa kwenye foleni ya Ubungo au ya Thika Road.

Usilinganishe kamshafti za watengenezaji wawili kwa namba kubwa ya kwenye boksi peke yake. Mmoja huanza kuhesabu valvu inapoinuka kidogo sana, mwingine huanza baadaye, na 264 ya huyu inaweza kuwa fupi kuliko 260 ya yule. Omba muda uliopimwa valvu ikiwa imefunguka milimita 1. Kipimo hicho ndicho kinachosema ukweli. Omba pia digrii za kilele anazopendekeza mtengenezaji. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi yenye vipimo hivyo anauza chuma tu.

Anayeishi nyanda za juu aongeze jambo jingine kwenye hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni karibu kilopaskali 83, wakati Dar es Salaam na Mombasa ni karibu 101. Kabla turbo haijaamka, injini ya Nairobi tayari inakosa sehemu kubwa ya hewa. Kamshafti ndefu hufunga valvu ya hewa kwa kuchelewa, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na sehemu ya hewa ile kidogo inarudi ilikotoka. Gari linakuwa zito zaidi mwendo wa chini. Kwa injini ileile na turbo ileile, wa Nairobi achague daraja moja dogo kuliko wa Tanga.

Kuna pia kamshafti za kiwandani zilizosagwa upya kwenye karakana ili kubadilisha umbo la nundu. Kazi ikifanywa na fundi mwenye mashine nzuri inakubalika. Jua tu kwamba nundu haiongezwi chuma. Kinachofanyika ni kupunguza mgongo wake wa duara, kwa hiyo utahitaji shimu (visahani vya kujaza pengo kati ya nundu na valvu) nene zaidi, na pengine hazitapatikana kwa unene huo. Uliza pia kama ugumu wa uso wa nundu umerudishwa baada ya kusagwa. Uso laini huliwa kwa muda mfupi, na unga wake wa chuma hupelekwa na oili mpaka kwenye beringi za turbo.

Springi na shimu

Watu hununua kamshafti wakasahau springi. Valvu ya hewa ya 2JZ ina kipenyo cha karibu milimita 33, yaani eneo la karibu sentimita 8.5 za mraba. Presha ya turbo ikiwa bar 1.5, hewa inasukuma mgongo wa valvu hiyo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 13, ikitaka kuifungua. Springi ya kiwandani iliyochoka kwa miaka 25 inapigana na hewa, na sasa unaiongezea nundu kali. Ikishindwa, valvu inarukaruka juu ya kiti chake na nguvu inakatika ghafla mwendo wa juu, mtu akadhani ni plagi. Nunua springi zinazopendekezwa na mtengenezaji wa kamshafti pamoja na vifuniko vyake.

Kabla ya kufunga, hakikisha valvu ikiwa wazi kabisa springi bado ina nafasi ya angalau milimita 1 kabla mizunguko yake haijagusana, na kifuniko cha springi kiko mbali na sili ya valvu kwa milimita 1.5 hivi. Springi zinaweza kubadilishwa silinda hedi ikiwa mahali pake. Ingiza kamba safi ya nailoni kupitia tundu la plagi, uache mkia nje, kisha zungusha krenkshafti taratibu mpaka pistoni iibane kamba dhidi ya valvu. Valvu haitaanguka. Wengine hutumia hewa ya kompresa. Mimi napenda kamba, kwa sababu umeme ukikatika kamba haipotezi presha.

Shimu za injini hizi hukaa juu ya baketi, kikombe kinachofunika ncha ya valvu, na nundu inasugua juu ya shimu moja kwa moja. Mpango huo unavumilia kamshafti za wastani. Mwinuko ukiwa mkubwa na mizunguko ikiwa juu sana, nundu inaweza kuikamata shimu ukingoni na kuitupa nje, na baada ya hapo silinda hedi inaharibika vibaya. Kwa kamshafti kali, weka baketi zisizo na shimu ya juu.

Kufungua

Fanya kazi injini ikiwa baridi, iliyolala usiku mzima. Chomoa betri, mwaga maji, toa rejeta ili upate nafasi ya mikono, toa bomba la hewa linalopita juu, koili, plagi, vifuniko vya valvu na vya mkanda wa taimingi. Kwa kuwa umefika hapo, badilisha mkanda, tenshena, sili za mbele za kamshafti na pampu ya maji, maana pampu hiyo nayo huzungushwa na mkanda huohuo.

Zungusha krenkshafti kuelekea upande wa saa mpaka silinda ya kwanza iwe juu kabisa, alama ya puli iwe kwenye sifuri, na alama za gia mbili za kamshafti zikutane na alama za bamba la nyuma. Piga picha. Fungua tenshena, toa mkanda. Sasa irudishe krenkshafti nyuma digrii 60. Kwenye injini ya silinda 6 za mstari, pistoni mbili zikiwa juu, nyingine ziko digrii 120 na 240 mbali. Ukirudi digrii 60 hakuna pistoni hata moja iliyo juu kabisa, na kamshafti zinaweza kuzungushwa bila valvu kugusa kitu. Utasikia wanaosema valvu za injini hii hazifikii pistoni. Msemo huo ulihusu mwinuko wa kiwandani, na kamshafti mpya haiujui.

Boliti ya gia ifunguliwe huku kamshafti imeshikwa kwa spana kwenye sehemu yake yenye pembe sita. Usitumie mkanda kuishikilia.

Kofia za beringi ndizo zinazotaka subira kuliko kitu chochote katika kazi hii. Springi zinaisukuma kamshafti juu, na ukifungua upande mmoja mpaka mwisho, shafti inapinda, au silinda hedi inapasuka pale inapobana. Legeza boliti zote robo mzunguko, kisha robo nyingine, ukianzia pembeni kuja katikati, mpaka shafti ipande ikiwa sawa. Kila kofia ina namba na mshale unaotazama mbele. Zipange juu ya kadibodi kwa mpangilio huohuo, pamoja na shimu na baketi za kila valvu. Kofia ikihamishwa mahali, beringi inakufa.

Kufunga na kupima mapengo

Laza kamshafti mpya kando ya ile ya zamani. Linganisha urefu, nafasi ya pini ya gia, matundu ya oili, na kile kipande kinachosomwa na sensa. Ioshe kwa mafuta ya taa, puliza njia zake za oili kwa hewa, kausha. Paka grisi ya kufungia yenye molibdenamu kwenye nundu, na oili safi kwenye shingo za beringi. Weka gundi ya kuzuia oili kidogo sana kwenye kofia ya mbele. Ikizidi, itaingia kwenye tundu la oili. Kaza kofia kwa zamu nyingi, mara hii ukianzia katikati kwenda pembeni, mpaka nyutonimita 20. Shafti ikigoma kuzunguka kwa spana ndogo, simama utafute sababu.

Kisha pima mapengo ya valvu zote 24, nundu ikiwa imegeukia mbali na baketi. Kitabu cha Toyota kinataka milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi, injini ikiwa baridi. Karatasi ya kamshafti yako ikisema tofauti, ifuate karatasi. Andika kila namba, usitegemee kichwa. Shimu mpya inapatikana hivi: unene wa shimu iliyopo, ongeza pengo ulilolipima, toa pengo unalolitaka. Shimu ikiwa milimita 2.80, pengo likiwa 0.32 na wewe unataka 0.20, unahitaji 2.92. Za Toyota huja kila milimita 0.05, kwa hiyo chukua 2.90 na pengo litakuwa 0.22, ambalo ni zuri. Kabla ya kwenda kununua, zipange shimu zako zote 24 kwa unene. Mara nyingi nyingi zitahamia valvu nyingine na utabaki na chache tu za kutafuta.

Kuipanga kwa digrii

Wengi hufunga gia, wakalinganisha alama, wakawasha. Alama zilichorwa kwa kamshafti za kiwandani na silinda hedi ambayo haijawahi kukwanguliwa. Hedi ikipunguzwa kwenye mashine, inashuka karibu na krenkshafti, mkanda unapata nafasi, na kamshafti zinachelewa. Kwa hiyo funga gia za kurekebishika, na upime.

Tafuta kwanza mahali halisi pa juu kabisa pa pistoni. Funga sahani ya digrii kwenye puli na sindano ya waya kwenye bloku. Ingiza kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza. Zungusha taratibu mpaka pistoni iguse, soma. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, soma. Katikati ya namba hizo mbili ndipo juu kabisa. Rekebisha sindano isome sifuri hapo, toa kizuizi.

Sasa simamisha geji ya saa juu ya baketi ya valvu ya hewa, ikiwa wima sambamba na valvu. Zungusha krenkshafti upande inaozungukia injini tu. Ukipitiliza, rudi nyuma mbali kisha uje upya, ili mkanda usiwe na ulegevu. Tafuta mwinuko wa juu kabisa. Usisome hapo, maana kilele cha nundu ni bapa na geji husimama kwa digrii kadhaa. Soma digrii geji ikiwa milimita 1 kabla ya kilele na milimita 1 baada yake. Tuseme umepata 74 na 158. Jumla ni 232, nusu yake 116. Karatasi inataka 112. Kamshafti yako imechelewa digrii 4 za krenkshafti, na kwa kuwa kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenkshafti, utaisogeza mbele digrii 2 kwenye gia. Kaza, zungusha mizunguko miwili, pima tena. Fanya hivyo kwa ekzosi pia, ambayo kilele chake huhesabiwa kabla ya juu kabisa.

Ukishapata namba za karatasi, unaweza kuzirekebisha kwa sababu. Kuiharakisha kamshafti ya hewa hufunga valvu mapema na kurudisha nguvu mwendo wa chini. Kuichelewesha hupeleka nguvu juu. Kusogeza vilele viwili mbali kimoja na kingine kunapunguza mwingiliano, na hiyo ndiyo dawa ya mtu mwenye kamshafti kubwa kidogo kuliko turbo yake.

Kila ukisogeza gia, nafasi kati ya valvu na pistoni inabadilika; kuiharakisha kamshafti ya hewa au kuichelewesha ya ekzosi kunaipunguza. Valvu ya ekzosi huikaribia pistoni karibu digrii 10 kabla ya juu kabisa, ya hewa karibu digrii 10 baada. Weka springi laini za kupimia kwenye valvu za silinda moja, simamisha krenkshafti kwenye digrii hizo na sukuma valvu kwa mkono mpaka iguse, huku geji ikisoma. Nataka nafasi isipungue milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa ekzosi, kwa kuwa valvu ya ekzosi hurefuka kwa joto. Mwenye VVT-i apime kamshafti ya hewa ikiwa imeharakishwa mpaka mwisho.

Kila mkanda unapofungwa, krenkshafti ikiwa imerudishwa kwenye sifuri, tenshena yake ibanwe kwenye jiliwa polepole, bila kuigonga, na pini yake ibaki mpaka kila alama iwe mahali pake. Boliti za gia zikazwe nyutonimita 79, ya puli ya krenkshafti karibu 330. Toa pini, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukihisi chuma kimegusa chuma, usilazimishe.

Kuwasha

Mimina oili mpya. Chomoa koili na rilei ya mfumo wa mafuta, zungusha kwa stata kwa sekunde chache chache mpaka taa ya oili izime, kisha rudisha kila kitu. Injini ikiwaka, usiiache kwenye sailensa. Ishike karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika kama 20, ukisikiliza na kutazama kama kuna mahali panapovuja, ili nundu na baketi zizoeane zikiwa na oili ya kutosha. Mwaga oili hiyo baada ya kilomita 500, kata filta uangalie kama kuna chembe za chuma.

Kontroli boksi ya 2JZ-GTE ya Japani hukadiria hewa kwa kusoma presha ya manifoldi. Kamshafti ndefu inapunguza mvuto wa hewa kwenye sailensa, na kompyuta inadhani injini imebebeshwa mzigo, ikamwaga petroli zaidi. Moshi mweusi, harufu, plagi zenye masizi, na breki zinazokuwa ngumu gari likiwa limesimama hutokana na kupungua kwa mvuto huo. Gari halipaswi kuvuta presha kamili kabla mtu mwenye kipimo kizuri cha mchanganyiko hajalipanga, akianza na presha ndogo ya springi ya wesigeti. Ukipima kompresheni utakuta namba imeshuka kuliko zamani, kwa sababu valvu ya hewa sasa inafunga kwa kuchelewa. Ikiwa silinda zote 6 zinakaribiana, usishtuke.

Baada ya kilomita 1,000, injini ikiwa baridi, fungua vifuniko na upime mapengo yote 24 dhidi ya karatasi uliyoiandika. Pengo la ekzosi likipungua kidogo, valvu inajikalisha kwenye kiti, badilisha shimu. Likiongezeka kwenye valvu moja peke yake, nundu au shimu hiyo inaliwa. Toa kamshafti uitazame nundu hiyo kabla gari halijatoka gerejini.